Kinyozi Aliyeomba Kukaa

Wengi walioishiwa nguvu za miguu humwomba Mungu watembee. Mdogo wangu Gamaliel aliomba kukaa. Kukaa tu, kama wewe unavyokaa sasa hivi ukisoma, bila hata kufikiri. Jumuiya yetu ya Kamachumu ilipokuja kusali nyumbani na kila mtu akatoa nia yake, Gamaliel naye akatoa hiyo. Watu wakatazamana. Mwenyekiti akauliza kwa heshima, "Ta Gamaliel, unaomba kukaa wapi? Kwenye uongozi?"

Gamaliel akajibu kwa adabu ya Kihaya kutoka kitandani, amelala kifudifudi, "Kwenye makalio yangu, waitu."

Sala ikakatika pale pale. Tulicheka hadi ikabidi litania ianzwe upya, na ilipofika "utuhurumie" kuna mama mmoja bado mabega yalikuwa yanamtetemeka.

Gamaliel ni kitindamimba wa mama yetu, mimi ndiye kifungua mimba. Nilimbeba mgongoni nikiwa darasa la nne, kwa hiyo namjua tangu hajui kusema, na ndicho kipindi pekee alichonyamaza. Alipofika miaka ishirini na saba alikuwa mpakiaji wa ndizi kwenye malori yaendayo Mwanza. Alipenda kupanda juu kabisa ya mikungu, anakaa kama mfalme, anawapungia watu. Siku moja kwenye kona lori lilikwenda kulia, mikungu ikaenda kushoto, na mfalme akafuatana na mikungu. Uti wa mgongo ukavunjika. Tangu siku ile kuanzia kiunoni kwenda chini hana hisia yoyote. Ukimwekea kaa la moto pajani ataendelea kukusimulia habari.

Mwaka mzima alitazama dari. Halafu asubuhi moja akaniambia, "Dada, nimehesabu vilivyobaki. Kichwa kipo, mikono ipo. Basi nitafanya kazi ya vichwa kwa mikono." Akajifunza kunyoa. Akafungua kibanda pale sokoni, yeye kwenye kiti chake cha magurudumu, mteja kwenye kigoda cha chini mbele yake. Warefu walikunjika kama visu vya mfukoni, lakini walikuja. Walitoka mpaka Buganguzi, si kwa sababu hakuna vinyozi huko, ila huko hakuna masimulizi. Habari ikinoga, kichwa kimoja kilichukua saa nzima. Kuna mzee walikosana katikati kwa sababu ya mpira, akaondoka na nusu ya nywele, akashinda nyumbani na kofia. Kesho yake asubuhi akarudi, akakaa kwenye kigoda bila salamu, akasema, "Malizia. Lakini lile goli halikuwa goli."

Sasa mtu wa kiti cha magurudumu ana sheria moja kubwa: kila nusu saa ajiinue kwa mikono, ili damu ipite kule nyuma alikokalia. Sisi wengine tukichoka upande mmoja tunahamia upande wa pili hata usingizini, maana mwili unalalamika. Mwili wake haulalamiki. Kwa miaka mingi aliishika sheria hiyo kama amri ya Mungu. Ila siku moja kabla ya Krismasi, mwaka juzi, wateja walipanga mstari hadi nje ya mlango, kila mmoja anataka kwenda kanisani na kichwa kipya. Kuanzia asubuhi hadi jioni Gamaliel hakujiinua hata mara moja. Alinyoa parokia nzima.

Siku mbili baadaye nikaona doa kwenye suruali yake. Kwenye mfupa wa kukalia, upande wa kulia, ngozi ilikuwa imebadilika rangi kama zambarau iliyobonyea. Kabla ya Epifania palikuwa pameshakuwa shimo. Wanaita kidonda cha mgandamizo. Sisi tumezoea kusema kidonda cha kulalia. Niliweka asali. Niliosha kwa maji ya omubilizi, yale majani machungu ambayo bibi alitibia kila kitu. Nilimpeleka kwenye zahanati kufungwa kila siku. Kidonda kilikula tu kwenda ndani, hadi parachichi dogo lingeingia. Wakamkataza kukaa. Hata dakika moja. Wakasema kikifika kwenye mfupa, mfupa utaoza, na mtu haishi muda mrefu mfupa ukioza.

Ndiyo maana nasema aliomba kukaa.

Usidhani alifunga kazi. Wateja walikuja nyumbani, wakakaa mkekani wameegemeza mgongo kwenye kitanda chake, naye akawanyoa kutoka juu, kidevu chake kikiwa kwenye mto. Nywele zikaingia kwenye shuka, kwenye chai, kwenye rozari yangu. Nililalamika, akaniambia, "Dada, mtakatifu gani hakuvaa manyoya?" Lakini nilimwona pia wakati hajui namwona. Alikuwa anakigusa kile kiti kilichosimama kando ya kitanda, anazungusha gurudumu kwa kidole, linazunguka hadi linasimama lenyewe.

Mwezi wa kumi na tatu wa kulala kifudifudi tukaitwa hospitali moja ya Bukoba. Daktari Najibu, mtoto wa mjini pale pale, na wenzake walikuwa wanafanya utafiti. Alituketisha, samahani, mimi aliniketisha, akatueleza polepole. Kuna seli zinaitwa seli shina. Hizo zinachukuliwa kwenye kamba ya kitovu cha mtoto aliyezaliwa salama, mama yake akiwa ameridhia, kitu ambacho kingetupwa. Zinakuzwa maabara katika mji mkubwa, kisha zinachomwa kwa sindano kuzunguka kidonda.

"Sisemi ni dawa," alisema. "Bado tunachunguza. Inaweza kusaidia, inaweza isisaidie. Na kuna wengine kura itawapa matibabu ya kawaida tu, ili tulinganishe."

"Sasa hizo seli zinafanyaje kazi?" Gamaliel akauliza.

Daktari akafikiri kidogo, akaona awe mtu wa watu. Akasema, "Nyie mna migomba. Shamba likichoka si mnachukua chipukizi kwenye shamba lenye nguvu, mnalipanda pale? Ni kama hivyo."

Alifurahi sana na mfano wake. Nami niliufurahia. Hakuna kati yetu aliyejua mfano ule utatufikisha wapi.

Kura ikatupa seli. Zilikuja kwa ndege. Nesi Farida, binti mmoja mchangamfu kama chiriku, ndiye aliyekwenda uwanjani kupokea kikasha, na kilipofunguliwa wodini kikafuka moshi wa baridi kama chetezo. Nikapiga ishara ya msalaba. Farida akasema, "Bismillahi." Gamaliel akasema, "Haya, tazama. Wageni wangu wanapanda ndege, na mimi mwenyeji sijawahi."

Sindano zilikuwa nyingi, kuzunguka kidonda chote. Daktari akamwomba atulie.

"Mimi nimetulia tangu nilipoanguka kwenye lori," akasema Gamaliel. "Umeshaanza?"

"Hii ni ya nane."

"Na humo ndani ziko ngapi?"

"Mamilioni."

"Mamilioni! Na kitanda chenyewe ni hiki kimoja!"

Farida alilazimika kugeukia ukutani. Halafu Gamaliel akauliza jambo jingine, tena kwa sauti ya chini, "Daktari, huyo mtoto wa kitovu ni wa ukoo gani?"

"Hatujui," daktari akajibu, macho yapo kwenye sindano. "Wala haturuhusiwi kujua."

Gamaliel akanyamaza. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka, kwa sababu Gamaliel akinyamaza hiyo ni dalili tosha ya ugonjwa. Sikushtuka. Nilikuwa nasali.

Tulipanga chumba Kibeta ili tuwe karibu na hospitali, maana alitakiwa kufungwa kidonda mara mbili kwa wiki kwa majuma kumi na mawili. Nikapewa maagizo ya chakula: samaki, mayai, nyama, maharage, maziwa. Farida aliniambia, "Mama, ngozi haijengwi kwa hewa. Mlishe." Wiki ya kwanza alikula vizuri. Kisha ikaingia Kwaresima. Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zilianza wiki moja, mji mzima ukawa na njaa ya heri.

Siku ya Jumatano ya Majivu Gamaliel akaniita. "Dada, mwaka huu nataka kufunga."

Jamani, nililia. Mtu ambaye kila Kwaresima nilikuwa namfukuza kwenye sufuria! Nikamwambia Kanisa linawasamehe wagonjwa. Akasema, "Moyo unataka." Kwanza akaacha samaki. Nikasema sawa. Akaacha nyama ya ng'ombe, akaacha ya mbuzi. Maziwa akasema hapana. Yuleyule aliyekuwa akila uyoga na kulamba sahani, sasa aliusukuma. Mayai, hapana. Siku nyingine aliyatazama hata maharage kwa wasiwasi. Mwisho akabaki na ndizi za kuchemsha zenye chumvi, na chai ya rangi.

Mungu anisamehe, kichwa changu kilivimba. Nilipiga simu Kamachumu kuwaambia jumuiya. Niliwaambia akina mama niliokaa nao benchi moja kanisani, ambao hata majina yao sikuyajua, kwamba nyumbani kwangu kuna mtu anayefunga kama watakatifu wa jangwani. Mmoja akaniomba nimpelekee nia zake. Nikazibeba! Nikampelekea Gamaliel, akazipokea ameziba uso kwa mto, nami nikadhani ni unyenyekevu.

Wiki ya tano Farida akapima kidonda. Anaweka karatasi laini ya plastiki juu yake, anachora mpaka kwa kalamu, halafu analinganisha na mchoro wa nyuma. Safari hii alilinganisha mara mbili. Akaiweka michoro dirishani, mmoja juu ya mwingine. Ilikuwa sawasawa. Halafu yakaja majibu ya damu, akayasoma, akanitazama.

"Mama, huyu anakula nini?"

"Anafunga," nikasema, na kifua mbele.

Farida mwenyewe alikuwa amefunga, midomo imekauka. Akakaa kwenye kiti. "Mama, mimi nafunga nikiwa na ngozi nzima. Huyu anaota ngozi! Hata kwetu mgonjwa hafungi. Nani kamruhusu?"

"Moyo wake," nikasema, ila sasa kifua kilikuwa kimerudi nyuma.

Akaitwa daktari. Akakipima kidonda kwa kijiti, akanieleza bila kuficha. Chini ya kidonda, mfupa ulikuwa umebaki umbali kama unene wa ukucha. Hali ikiwa hivi hadi wiki ya kumi na mbili, itabidi apelekwe mbali akafanyiwe upasuaji mkubwa wa kuhamisha nyama, na hata huo hauna hakika. "Habari ya kukaa tutaisahau," alisema. "Tutakuwa tunapigania uhai."

Kisha kutoka kwenye mto ikatoka sauti.

"Dada. Sikuwa nafunga kwa ajili ya Mungu."

"Ulikuwa unafunga kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya yule mtoto."

Hapa lazima nieleze kwa msomaji ambaye si wa kwetu. Mhaya ana ukoo, na kila ukoo una omuziro, mwiko wake: kitu ambacho watu wa ukoo huo hawali. Sisi kwetu ni kamongo, yule samaki mrefu wa matopeni. Tumebatizwa, tumepewa kipaimara, lakini kamongo hatuli. Si kwa kuabudu, ni adabu tu kwa mababu, na Padre hajawahi kuniuliza kuhusu kamongo.

"Daktari alisema mwenyewe," Gamaliel akaendelea. "Ni chipukizi. Sasa niambieni, ukipanda chipukizi la mgomba wa nshakara, utavuna ndizi za mbile? Utavuna nshakara. Basi nyama inayoota huku nyuma ni ya ukoo wa yule mtoto, na nyama ya ukoo ule ina mwiko wake. Nikila mwiko wao, si itakataa? Si itaoza? Nikauliza ukoo, wakasema hawajui. Nikaona dawa ni moja. Nikwepe yote."

"Yote?" Daktari akauliza.

"Ya koo zote. Mimi ni kinyozi, daktari. Vichwa vyote vya Kamachumu vimepita hapa mikononi, na kila kichwa kimenisimulia. Kichwa hiki hakili uyoga. Kile hakili ng'ombe mwenye mstari mgongoni, na mimi nyama ya sahanini nitajuaje kama ilikuwa na mstari? Mwingine hali kondoo, mwingine senene, mwingine samaki wa aina fulani. Ukijumlisha, zinabaki ndizi na chumvi."

Nilimtazama yule mtakatifu wangu wa jangwani. Nilitaka kukasirika. Nilitafuta hasira kila mahali, sikuipata. Nikakumbuka zile nia za wale akina mama, nikaanza kucheka, nikacheka hadi nikashuka kwenye kiti nikakaa sakafuni. Farida akaniona, naye akaanza. "Acheni jamani," akasema ameshika mbavu, "nimefunga mwenzenu, koo limekauka, mtaniua!" Gamaliel peke yake hakucheka. Alikuwa na hofu ya kweli, na ni hofu ile iliyomfanya alale na njaa wiki nne.

Daktari akachukua karatasi akachora seli. Akachora mishale. Gamaliel akasikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Umesoma, waitu, sikatai. Ila kwenye mambo ya seli. Nyie kwenu mwiko ni nguruwe, mmepeana wote mmoja, kazi imekwisha. Sisi kila nyumba ina wake. Hapo huwezi kunisaidia."

"Nani anaweza?"

Mimi na Gamaliel tukajibu pamoja: "Shangazi."

Shangazi yetu Kokushubila anaishi Buganguzi, ana miaka themanini kasoro miwili, na katika ukoo wetu hakuna ndoa, mazishi wala jina la mtoto lililopita bila yeye. Nikampigia, nikaweka spika ili wote wasikie. Haikuwa lazima. Shangazi huongea na simu kana kwamba hana imani nayo. Bila spika wodi ya pili wangemsikia.

Nikamweleza yote. Kuku akalia upande wa kule.

"Mpe huyo daktari," akasema shangazi. "Daktari, u mzima?"

"Mzima, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Hao watu wa kitovu uliowaingiza kwa mtoto wangu, wameolewa humo?"

Daktari akamtazama Farida. Farida akamtazama daktari. "Sijaelewa, bibi."

"Wamekuja kukaa, au wamekuja kutembea? Wanajenga humo?"

"Ah! Hapana, hawajengi. Zile seli haziwi nyama yake. Zinafika, zinatoa ishara, zinaamsha seli zake mwenyewe zifanye kazi. Baada ya siku si nyingi hazipo tena. Nyama inayoota ni yake yeye." Akafuta jasho. "Ule mfano wa mgomba, bibi, nilikosea."

"Ulikosea sana. Chipukizi si mtu wa kuchezea. Hao si chipukizi. Hao ni majirani waliokuja kusaidia kulima, wakala, wakaenda kwao. Gamaliel!"

"Naam, shangazi."

"Jirani akija kukulimia, na kwao hawali uyoga, wewe unabadilisha ukoo?"

"Hapana, shangazi, lakini hawa wameingia mwilini..."

"Mwilini! Mama yako alipougua baada ya kukuzaa, nani alikunyonyesha?"

Gamaliel hakujua. Mimi nilijua, nilikuwa na miaka kumi na moja. Nikasema, "Alistidia, jirani yetu."

"Alistidia. Miezi miwili! Maziwa yake yakakujenga mifupa na hayo makalio unayolilia. Na kwao Alistidia hawali senene. Wewe tangu uote meno umekula senene kiasi gani?"

"Wengi, shangazi."

"Sauti!"

"Wengi sana, shangazi!"

"Ukaoza?"

"Hapana."

"Basi mbona unakonda kwa ajili ya mtoto ambaye hata hajakunyonyesha? Mwiko wako ni kamongo. Ndio huo, hakuna mwingine. Joani!"

"Naam," nikasema, nimesimama wima kama niko darasani.

"Kalete samaki. Na simu msikate. Nataka nimsikie akitafuna."

Nilikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, nimeshika vitenge vyangu, nimekimbia hadi kwa mama lishe wa getini, nikarudi na sato wa kukaanga kwenye sahani. Farida akaishika sahani kwa sababu mimi nilikuwa bado nahema, na uso wake akaugeuza pembeni. "Mola wangu, unaona mtihani huu," alisema. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaegemea viwiko watazame. Gamaliel akapiga ishara ya msalaba, akamega kipande, akakitazama kwa muda, akakitia mdomoni.

"Sisikii kitu," ikasema simu.

"Samaki hana sauti, shangazi!"

"Ana mifupa! Tafuna!"

Akatafuna. Daktari Najibu aliishika ile simu karibu na shavu la mgonjwa wake, amesimama na koti lake jeupe, mwenye elimu yote ile, mpaka sato akabaki miba. Shangazi akasema, "Haya. Na jioni mayai," akakata bila kuaga.

Kuanzia siku hiyo nilipika kama watu wa harusi. Alikula hadi yeye mwenyewe akaniambia nipumzike. Nami nilirudi kwa wale akina mama wa benchi, kwa sababu uongo wa kutokujua nao unahitaji kusahihishwa. Niliwaeleza mtakatifu wangu alikuwa anaogopa ng'ombe wa mstari. Walicheka hadi mlinzi wa kanisa akaja kutazama. Yule aliyetuma nia akasema, "Usijali, mume wangu alipata kazi."

Wiki ya saba mchoro wa Farida ulikuwa na ukubwa wa limau. Wiki ya tisa, ndimu. Nyama nyekundu yenye afya ilikuwa inapanda kutoka chini kama maji kwenye kisima, na nilipokuwa naitazama wakati wa kufunga sikuweza kusali kwa maneno. Wiki ya kumi na moja lilibaki doa la kama punje ya maharage. Wiki ya kumi na mbili Farida aliweka plastiki yake, akashika kalamu, akakosa pa kuchora.

Nilimwuliza daktari kama ni seli zilizofanya. Ni mkweli yule kijana. Alisema hajui bado. Mtu mmoja si ushahidi, huenda ni seli, huenda ni kulala kifudifudi na kusafishwa vizuri, huenda ni chakula. Wakimaliza kuwalinganisha wagonjwa wote ndipo watasema. Gamaliel akamwambia, "Wewe andika: seli, samaki na shangazi." Sijui kama aliandika. Mimi nina wa kumshukuru, na ninajua Yeye hutumia mikono ya wengi na hachagui dini yao.

Sasa siku ya kukaa. Walileta mto maalumu wenye vyumba vya hewa, wakauweka kwenye kiti chake. Farida akaweka saa mezani. Dakika kumi na tano, si zaidi. Tukamgeuza, tukamwinua watatu, daktari, Farida na mimi, polepole kama tunashusha sanamu ya Bikira Maria siku ya maandamano. Tukamweka.

Gamaliel alishika pande mbili za kiti. Kichwa kikamzunguka kidogo, akafumba macho, akayafumbua. Dakika ya kwanza ikapita. Alitazama ukuta, dirisha, akaturudia sisi, mmoja mmoja, kama anatusoma. Dakika ya tatu akamtazama Farida kwa muda.

"Kumbe una uso," akasema.

"Wewe!"

"Kweli nesi. Miezi kumi na saba nimewajua watu kwa viatu. Wewe kwangu ulikuwa ndala za bluu." Akanigeukia. "Na wewe dada umezeeka. Hakuna aliyeniambia."

"Wewe ndiye uliyenizeesha," nikasema, na sote wawili tulikuwa tunalia na kucheka, kamasi zikitutoka bila heshima. Alinyoosha mkono akanigusa kichwani, akapapasa nywele zangu pembeni ya kilemba kwa vidole vya kazi. "Na umenyolewa vibaya. Ni nani huyo?"

"Kaa kimya, unapoteza dakika zako."

"Sipotezi. Nimekaa."

Akakaa. Hakuwa na la kusema kwa dakika nyingine nne au tano, na safari hii sikushtuka. Nje mvua ilianza, akageuza kiti kidogo kwa kidole ili aione ikinyesha kwa usawa wa macho.

Saa ilipolia alisema bado. Farida akasema tayari. Akasema saa ya hospitali inakwenda mbio. Tukamrudisha kitandani, kifudifudi, Farida akavaa glovu akakagua kovu, akalibonyeza kwa kidole. Likawa jeupe. Tukangoja. Wekundu ukarudi mahali pake.

"Ngozi iko salama," akasema. "Kesho dakika ishirini."

"Ishirini na tano," ikatoka sauti kwenye mto.

"Ishirini."

"Ishirini na mbili, nesi. Nina wateja."